Sfinksi Azuia Harusi

Siku Fiksi alipozuia harusi ya Damo, msafara mzima ulitetemeka isipokuwa mtu mmoja. Huyo mmoja alifurahi. Alifurahi, akaona haya kwa kufurahi, kisha akaendelea kufurahi hivyo hivyo. Wala hakuwa adui wa ukoo au jirani mwenye kijicho. Alikuwa Mnasila, mama mzazi wa bibi harusi.

Msimhukumu haraka. Mnasila alijifungua mara nyingi pale Thebe, na watoto wengine wote aliwazika wangali wachanga, akabaki na Damo peke yake. Walifuma pamoja, wakachekana pamoja, wakagombana asubuhi na kupatana kabla uji wa shayiri haujapoa. Halafu siku moja mumewe, Thiogito, akaenda ziwani Haliarto kununua mikunga, wale samaki warefu wanaoteleza. Waathene wanatuita nguruwe sisi watu wa Boyotia, lakini wakisikia harufu ya mikunga wetu mate yanawadondoka mpaka miguuni. Huko ziwani Thiogito akakutana na rafiki yake wa zamani, wakakaa, wakanywa mvinyo, wakanywa tena. Aliporudi nyumbani alikuwa na kapu la mikunga na habari.

"Mama Damo, nimepata mchumba," alisema akitua kapu.

"Wa nani?"

"Wa Damo, sasa wa nani? Wangu? Anaitwa Ptoilo, kijana wa rafiki yangu. Tumeshapeana mikono. Na hawa mikunga wakaange leo leo, wataharibika."

Ndivyo ilivyo kwetu. Baba huyu na baba yule wanapeana mikono, maneno yanasemwa, mambo yamekwisha. Mnasila aliwakaanga mikunga kama alivyoambiwa. Hakula hata kipande, na hilo lingemshtua mume yeyote mwenye macho, lakini Thiogito alikuwa analamba vidole.

Jambo lililomkata maini zaidi lilikuwa mhimili. Kwetu bibi harusi hupelekwa kwa gari la nyumbu, na akishafika kwa mumewe, ule mhimili wa magurudumu unang'olewa na kuchomwa moto palepale mlangoni, ili aone mwenyewe kwamba usafiri wa kurudi haupo. Mnasila alichomewa wake zamani, akiwa msichana, na moshi wake ulimwingia puani usitoke tena. Sasa eti ilikuwa zamu ya Damo.

Ndipo Fiksi akaja.

Wageni humwita Sfinksi. Sisi twamwita Fiksi, kwa sababu ni wa kwetu na hatuna muda wa kutafuna jina refu. Kichwa na kifua cha mwanamwali, kiwiliwili cha simba, mabawa ya tai. Watu walisema mungu Hera mwenyewe ndiye aliyemtuma aje akae mlimani Fikio, mahali hasa inapopita njia ya Haliarto. Sheria yake kila mtu aliijua: anakutegea kitendawili. Ukipata, unapita. Ukikosea, unaliwa. Ukinyamaza, unageuza na kurudi ulikotoka, hakugusi hata unywele. Shida ni kwamba wanaume wa Thebe hawajui kunyamaza, na ndiyo maana Fiksi alikuwa ananenepa.

Mji ukaomboleza. Mnasila naye aliomboleza, hadharani. Chumbani alimwombea Fiksi afya njema na maisha marefu, maana maadamu yule mnyama amekaa pale juu, hakuna gari la harusi litakalofika Haliarto.

Lakini huko Haliarto mama yake bwana harusi alichoka kungoja. Akatuma mtu na ujumbe mfupi: siku ya mwezi mpevu jua likizama bibi harusi hajaingia, atamwoza kijana wake kwingine, wasichana wamejaa tele. Thiogito akageuka mwekundu kama mvinyo.

"Nimetoa neno langu!" alipiga kelele. "Niitwe mwongo na mvuvi? Tutapita. Fiksi naye ni mtu, yaani nusu yake ni mtu. Jua la saa sita likiwaka, si atalala? Tutapita taratibu, kimya, hata mavi ya nyumbu yasidondoke kwa kishindo."

Ikawa hivyo. Bwana harusi, Ptoilo, alivuka kwa njia ya vinamasini, akijipaka tope mpaka kiunoni, aje kumchukua mchumba wake. Gari haliwezi kupita vinamasi, basi safari ya kurudi ilibidi iwe ya mlimani. Damo akaogeshwa kwa maji ya mto Ismeno, akafunikwa shela, akavikwa kichwani taji la asparaga ya mwitu, ile yenye miiba mikali na matunda matamu, kama tunavyowavika mabibi harusi wetu tangu mababu. Watu wakamrushia shayiri na tini kavu. Akapandishwa garini, katikati. Kulia Ptoilo, kushoto Kafiso, rafiki wa bwana harusi, kijana wa ziwani mwenye mdomo usiofungwa mlango. Thiogito akashika nyumbu. Mbele ya wote akatangulia Mnasila na mwenge unaowaka mchana kweupe, kwa kuwa mwenge wa harusi hushikwa na mama wa bibi harusi, jua liwepo lisiwepo.

Mpango ungefaulu. Fiksi kweli alikuwa amelala, na mkoromo wake ulisikika kutoka chini ya mlima. Kilichouharibu ni ubahili wa Thiogito. Mwenyewe alikuwa amewaza hivi: kama mhimili utachomwa, ya nini kuchoma mzuri? Usiku wa kuamkia harusi akatoa mhimili mzima akauficha ghalani, akaweka kikuukuu kilichopasuka. Gari lilipoanza kupanda, kikuukuu kikaanza kulia. Kwanza kililia kidogo. Kwenye kona ya mwisho, chini kabisa ya mwamba wa Fiksi, kilipiga yowe ambalo hata nyumbu waliligeukia.

Mkoromo ukakatika.

"Baba mkwe," Kafiso alinong'ona, "ni nini hicho?"

"Upepo," alisema Thiogito.

Kivuli cha mabawa kikapita juu yao, na Fiksi akatua mbele ya nyumbu, nywele timutimu, shavu lina alama ya jiwe alilolalia.

"Nani anachinja nguruwe saa hizi?" aliuliza. "Mtu huwezi kupumzika katika mlima wako mwenyewe?"

Thiogito alijitupa magotini. "Shikamoo, bibi!"

"Bibi wa nani? Mimi mwanamwali. Huoni?"

"Samahani, dada."

"Dada yako mimi? Na kitambi hicho?" Fiksi alimruka, akazunguka gari, akanyoosha shingo kuchungulia chini ya dari la maua lililofunika gari. Uso wake wote ukabadilika. "He! Kumbe harusi! Na mmetaka kunipita kimya kimya, hata salamu hakuna. Mimi sialikwi popote. Na huyu anatafuna nini?"

Huyu alikuwa Ptoilo, ambaye akiogopa hula. Alikuwa ameshatia kinywani maandazi ya ufuta na asali yaliyokusudiwa wageni wa jioni, na sasa hakuweza kuyameza wala kuyatema. Alinyoosha mkono, akampa Fiksi lililobaki. Fiksi alilinusa, akalila, akajilamba mdomo kwa ulimi mrefu.

"Matamu," alisema. "Lakini sheria ni sheria. Wapita njia wamezoea kunung'unika kwamba vitendawili vyangu ni vya zamani. Basi nyinyi nawatungia kibichi, sasa hivi, kwa heshima ya harusi. Nataka msemaji mmoja. Wengine wakijibu, nawahesabia ni kelele. Nani anasema?"

Wanaume wote walirudi nyuma, hata walioketi garini. Mnasila hakurudi, kwa sababu alikuwa anamtazama mwanawe, na alipogeuka akajikuta yuko mbele peke yake na mwenge wake.

"Ahsante, mke wangu," alisema Thiogito kutoka nyuma ya nyumbu.

"Vizuri," alisema Fiksi. "Kile kivuli cha jiwe kikigusa njia, muda umekwisha. Ukinyamaza mpaka hapo, geuzeni gari mwende zenu. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa," alisema Mnasila. Alielewa kuliko alivyodhani yule mnyama. Anyamaze tu! Hakuna zaidi. Asimame na mwenge, kivuli kifike, gari ligeuzwe, jua lizame Damo akiwa Thebe, na yule mama wa ziwani akaoze kwingine kama alivyoapa. Nani atamlaumu? Mwanamke asiye na elimu mbele ya Fiksi, ajue nini? Alifurahi, na hapo ndipo alipoona haya.

Fiksi alikalia miguu yake ya nyuma, akakohoa, akaanza kuimba, na sauti, lazima tuseme kweli, ilikuwa nzuri.

"Kitendawili!"

"Tega!" alijibu Kafiso kwa mazoea ya karamuni, kisha akajiziba mdomo.

"Anaoshwa, anavikwa taji. Anarushiwa shayiri, anaombewa dua, anaimbiwa. Anapelekwa karibu na moto asioujua. Wote wanafurahi, wote watakula. Na katika wote hao, yeye peke yake hakuna aliyemuuliza, wataka? Ni nani?"

Kafiso aliteleza chini kutoka garini, na nyuma ya nyumbu pakaanza mkutano.

"Mbuzi," Kafiso alinong'ona. "Mbuzi wa kafara. Anaoshwa, anavikwa taji, anarushiwa shayiri, moto upo. Mama mkwe, sema mbuzi!"

"Nyamaza, utatuulia mtu," alisema Thiogito. "Mbuzi gani? Mbuzi huulizwa! Wewe hujapata kwenda madhabahuni? Anamwagiwa maji kichwani mpaka anatikisa kichwa, maana yake ndiyo, nakubali. Asipotikisa hachinjwi. Hata ng'ombe hivyo hivyo. Hii ni dini, bwana, si buchani."

"Kweli, baba mkwe. Basi ni nani asiyeulizwa?"

Wakafikiri. Unaweza kusikia watu wa Boyotia wakifikiri. Huwa wanapumua kwa nguvu. Halafu Thiogito akapiga paja.

"Mkunga!"

"Mkunga!" Kafiso akadaka. "Naapa ni mkunga! Sisi ziwani tunamvika taji mkunga mkubwa, tunamrushia shayiri, tunamwombea dua, tunamtia motoni. Na hatumuulizi!"

"Utamuuliza vipi? Hana shingo ya kutikisa!"

"Mama Damo," akaita Thiogito kwa mnong'ono uliosikika mpaka bondeni, "sema mkunga! Ni mkunga huyo!"

Fiksi alitabasamu, na meno yake yakaonekana yote. Mnasila aliliona lile tabasamu akajua kwamba akisema mkunga ataliwa pamoja na mwenge wake. Jibu alilijua toka mstari wa pili. Lilikuwa limekaa nyuma yake, ndani ya gari, limefunikwa shela, lina miiba kichwani na punje za shayiri mabegani. Ajabu ni kwamba wanaume wale walikuwa wamelibeba jibu tangu asubuhi, na bado walilitafuta majini.

Lakini si kitendawili kilichomchoma. Ni maneno ya mumewe. Hata mbuzi huulizwa. Alitazama kivuli cha jiwe kikitambaa, akafikiri: wao walimpeleka mwanangu bila kumuuliza, na mimi hapa namrudisha bila kumuuliza. Tofauti yetu iko wapi? Tofauti ni kwamba mimi nampenda. Basi kama nampenda mbona namfanyia yale yale? Alijichukia kwa muda mfupi, kisha akaacha kujichukia kwa sababu kivuli kilikuwa kinakwenda.

Akageuka, akaenda mpaka garini.

"Damo."

Shela halikutikisika. Bibi harusi hasemi njiani. Hiyo ni mila na kila mtu anaijua.

"Damo, mwanangu. Wataka kwenda, ama hutaki?"

"Mama Damo!" Thiogito alisahau kunong'ona. "Umerukwa na akili? Unauliza nini tena? Jibu liko huku!"

"Wewe mwenye kitambi," alisema Fiksi bila kumtazama, "neno moja zaidi, nitaanza na wewe." Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Masikio yake yalikuwa ya mtu lakini yalisimama kama ya simba.

Mkono ukatoka chini ya shela. Ukashika pindo, ukalifunua. Huo ulikuwa uhuni mtupu, maana shela hufunuliwa nyumbani kwa mume, mbele ya wageni, kwa zawadi. Uso wa Damo ulikuwa umelowa jasho na punje moja ya shayiri imemganda kwenye nyusi.

"Sasa ndiyo unaniuliza?" alisema. "Mbele ya simba?"

"Ndiyo sasa. Nyumbani nilikuwa naogopa jibu."

"Na hapa huogopi?"

"Hapa naogopa zaidi. Sikia. Ukisema hutaki, nitanyamaza tu. Kivuli kitafika, tutarudi nyumbani, wala hakuna atakayekulaumu, watanilaumu mimi. Ukisema wataka, nitajua la kufanya."

Damo alimtazama. Walikuwa wamezoea kutazamana hivyo kwenye kitanda cha kufumia, kila mmoja akimsoma mwenzake. "Wewe unataka niseme nini?"

"Nataka useme hutaki," alisema Mnasila. "Sikudanganyi. Nataka mpaka kifua kinauma. Lakini siulizwi mimi."

Damo alisukuma shela mpaka begani. Kisha akamgeukia Ptoilo, ambaye hatimaye alikuwa amefaulu kumeza.

"Na wewe? Wewe uliulizwa?"

"Mimi?" Ptoilo alijifuta ufuta kidevuni. "Mimi ndiye niliyemsumbua baba mwaka mzima. Nilikuona Platea, kwenye sikukuu. Punda wetu alikula taji lako. Ukamtukana, ukamtukana, matusi sijapata kuyasikia hata kwa wavuvi, mpaka akalitema."

"Yule punda ni wenu?"

"Wa mama. Mpaka leo akiona msichana mwenye taji anapiga magoti."

Damo akaangua kicheko. Kilimtoka bila hiari, kikubwa, cha kukoroma kidogo mwishoni, na Mnasila aliposikia ule mkoromo wa mwishoni aliacha mwenge uiname. Alikijua kicheko kile. Kilikuwa chake. Miaka yote hiyo alidhani hakuna mtu mwingine duniani awezaye kumtoa Damo kicheko kile, na hivi sasa kimetolewa na kijana wa ziwani mwenye tope visigino na ufuta kidevuni, tena bila jasho.

"Nataka, Mama," alisema Damo, akicheka bado, kisha akaacha kucheka. "Sikujua kama nataka, kwa kuwa nilikuwa na hasira, hakuna aliyeniuliza. Nataka. Na nitalia njia nzima, usinikataze."

"Sikukatazi," alisema Mnasila.

"Hebu subirini!" Fiksi alisimama, mkia unapiga vumbi. "Subirini kwanza. Hiyo siyo haki! Mimi nimesema, hakuna aliyemuuliza. Nanyi mnamuuliza hapa hapa mbele yangu! Mmenivunjia kitendawili changu, kibichi, hata hakijapoa! Sasa jibu langu limekufa. Nitasema nini kwa Hera? Atanituma kwingine, kama alivyonituma huku. Na mimi, nani aliniuliza kama nataka kukaa kwenye mwamba huu wenye upepo?" Akanyamaza ghafla, kama mtu aliyesikia alichosema mwenyewe, akakaa chini na kuanza kuramba kiganja chake kwa hasira. "Haya. Jibu ama kivuli, kimoja kati ya viwili. Mimi nangoja."

Kivuli kilikuwa kimebakiza upana wa kiganja.

Mnasila alisimama katikati ya njia. Jibu la kwanza lilikuwa limekufa, ndiyo. Lakini lingine lilikuwa limezaliwa palepale, na aliliona waziwazi. Bibi harusi akishaulizwa, nani amebaki anayevikwa taji, anayerushiwa shayiri, anayeombewa na kupelekwa motoni, na hakuna amwulizaye? Nyuma ya nyumbu Thiogito, mikono kinywani, alikuwa analichora lile neno kwa midomo bila sauti, macho yamemtoka pima.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Damo angelia siku mbili tatu, angekasirika, kisha wangepatana kama walivyopatana siku zote, na shuka lililofumwa nusu kwenye kitanda cha kufumia wangelimaliza wote wawili. Alikiona kile kitanda. Aliona na kigoda cha pili mbele yake, kitupu. 

Alimtazama mwanawe. Damo hakumwomba kitu. Alikuwa ameketi, shela begani, anangoja, anamwamini mama yake kama mtu anavyouamini ukuta.

"Mkunga," alisema Mnasila.

"Nini?"

"Jibu ni mkunga. Anaoshwa, anavikwa taji, anarushiwa shayiri. Na hakuna anayemuuliza, kwa sababu hana shingo ya kutikisa."

Fiksi aliinua kiganja. Alikunja kucha moja moja akihesabu: kuoshwa, taji, shayiri, dua, nyimbo, moto. Alirudia tena toka mwanzo. Hata kile kikuukuu cha mhimili hakikulia.

"Mnamwimbia mkunga?" aliuliza mwishoni kwa mashaka.

"Tunamwimbia!" alipayuka Kafiso. "Kuna mpaka kiitikio!"

"Watu gani nyinyi," alisema Fiksi. Alitikisa kichwa, akajivuta pembeni, akakunja mabawa ili gari lipate nafasi. "Piteni. Na yale maandazi, mkirudi mniletee."

Thiogito alitoka mafichoni kama jogoo. "Nilisema! Si nilisema? Mkunga! Nimesema toka mwanzo, mashahidi wapo! Thebe nzima watakuja kuuliza, nani alimshinda Fiksi, nao wataambiwa..."

Damo alikuwa ameshaanza kulia, kama alivyoahidi, kwa sauti, na Ptoilo alikuwa anamfuta uso kwa pindo la shela kwa woga, kama mtu anayefuta chombo cha watu. Mnasila aliona, akageuza macho. Machozi yalimtoka naye, mengi, hakujisumbua kuyaficha. Mwenge ulikuwa umeanza kufifia. Akaupepea mpaka ukashika tena, akatangulia mbele ya nyumbu, uso umeelekea ziwani.

"Baba Damo, acha kelele uwapige nyumbu," alisema. "Jua linakwenda, na mtoto anachelewa kwao."